Mama Alipiga Simu Redioni, Nikasahau Kumvalisha Barakoa

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika ishirini na tatu asubuhi, mji mzima ulipomsikia mama yangu mzazi akieleza mambo yake ya kitandani redioni.

Kwa sauti yake mwenyewe.

Na aliyesababisha ni mimi, bintiye.

Kama una chai mkononi, iweke chini kwanza. Nilishamsimulia mtu huku anakunywa, nikalazimika kumfulia shati.

Mimi ni fundi mitambo wa redio. Kituo chetu ni kidogo tu, kiko ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta za studio tumezibandika trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa kiuno.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi tunarusha kipindi kinaitwa Tufunge Mlango. Wanawake wanapiga simu kuuliza mambo ya chumbani. Anayewajibu ni mkunga mstaafu, mama mnene mcheshi, amezalisha nusu ya mji na haogopi neno lolote. Sote tunamwita Mkunga, mpaka mkurugenzi.

Mkurugenzi alikikubali kipindi kwa sharti moja. Kila mwanamke anayepiga, sauti yake ibadilishwe.

"Mwanamke wa heshima hawezi kusema hayo kwa sauti yake," alisema.

Basi mezani kwangu kuna kitufe cha kijani. Nikikibonyeza, sauti ya mpigaji inakuwa nzito na ya kukwaruza, utadhani anaongea akiwa ndani ya ndoo. Kitufe hicho tunakiita barakoa.

Kazi yenyewe ni rahisi. Dada wa mapokezi anapokea simu, ananipa laini. Naisikiliza kidogo masikioni mwangu kuona kama iko safi, nabonyeza barakoa, halafu naipeleka hewani. Miaka miwili sikuwahi kukosea.

Sasa kuna jambo la pili, na hili naomba libaki hapa hapa kati yetu.

Kituo hicho hicho kinarusha tangazo la dawa ya nguvu za kiume, mara sita kwa siku. Mwanamume anaunguruma, "Rudisha heshima yako nyumbani!" Kisha mwanamke anaguna, "Mmmmh... baba, leo ni wewe kweli?"

Mwanamke huyo ni mimi.

Msanii aliyeitwa kulirekodi hakutokea. Mkurugenzi akanigeukia, akasema, "Kwani wewe si mwanamke? Ingia." Niliguna mara kumi na nne mpaka akasema sasa imekolea. Hakuna aliyekumbuka kunivalisha barakoa.

Nyumbani hakuna aliyejua. Hata mchumba wangu hakujua, na zilikuwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa. Ndivyo nilivyoamini.

Haya, turudi Alhamisi.

Laini ya pili ikawaka. Nikaifungua masikioni mwangu.

"Haloo? Kwanza niseme, nawasalimu wote hapo."

Duniani najua mtu mmoja tu anayeanza kila jambo kwa "kwanza niseme," hata akiagiza sabuni dukani.

Nikajidanganya kwamba sauti za watu hufanana. Ndipo nyuma yake saa ikagonga mara moja. Ngo!

Baba yangu ni fundi saa, na kazi zake anafanyia sebuleni. Saa yake mwenyewe ya ukutani iko mbele dakika saba, mwaka wa tisa sasa, kwa sababu muda wote anatengeneza za watu. Ikigonga nusu saa, dunia nzima bado ni dakika ishirini na tatu.

Alikuwa mama. Hakuna ubishi.

Nyuma ya kioo, Mkunga alikuwa ananipungia kidole: lete, lete, mbona unachelewa? Nikapeleka laini hewani kama mtu aliyerogwa. Kitufe cha kijani sikukigusa.

"Kwanza niseme, mimi ni mke wa mtu," mama akaanza. "Nina miaka hamsini na minane. Ndoa yangu ina miaka thelathini na mitatu."

"Hongera sana, mama," akasema Mkunga. "Mlango tumeshafunga. Tuambie."

"Watu wakimwona mwanamke wa umri wangu wanadhani ameshafunga duka. Mimi sijafunga duka."

Mkunga akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Endelea, mama mwenye duka!"

Mtu akakohoa nyuma ya mama. Sikujali, masikio yangu yote yalikuwa kwa mama.

"Miaka ishirini ya kwanza nilikuwa naguna tu. Mume wangu si mtu mbaya, ni mpole sana. Lakini angejuaje? Kila akiniuliza, namwambia ni sawa. Siku moja nikaichoka hiyo ni sawa. Nikamwambia, hapa, si hapo. Taratibu, hatuendi kuwahi basi. Jamani! Kumbe ndoa nilikuwa sijaianza."

Mkunga alikuwa anapiga meza kwa furaha.

"Sasa swali langu. Tangu siku zangu zikome, hamu ipo, lakini mwili unachelewa, na mara nyingine naumia. Nifanye nini? Maana mimi kustaafu sitaki."

Hapo ndipo macho yangu yalipotua kwenye kitufe. Taa yake haikuwa inawaka.

Mama yangu alikuwa hewani uchi wa sauti!

Nikapaparika. Nikakata laini, nikabonyeza kitu cha kwanza kilichokuwa chini ya mkono wangu, chochote, wimbo, salamu, taarifa ya hali ya hewa.

"Rudisha heshima yako nyumbani!" "Mmmmh... baba, leo ni wewe kweli?"

Yaani nilimkata mama yangu, nikaguna.

Mkunga alinitolea macho. "Wewe! Mama wa watu hajajibiwa!"

Laini zote sita zikawaka kwa pamoja. Mkurugenzi akaingia mbio, akausukuma mlango kwa kiuno, leso ya kufutia miwani bado iko mkononi.

"Nani yule mama? Barakoa yake iko wapi?"

"Nilisahau, bosi."

"Ulisahau! Huyo mama ana majirani! Ana mume! Ndoa ya watu ikivunjika, utaenda kuiunganisha wewe na hizo nyaya zako?"

Neno hilo lilinichoma. Miaka thelathini na mitatu, na mimi nimeitia kiberiti kwa dakika mbili.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mama mkwe mtarajiwa: "Mwanangu, yule si mama yako?"

Nikaizima kabisa.

"Nenda nyumbani," mkurugenzi akasema. "Nitakuita. Au nisikuite."

Nilitembea kwa miguu, kwa njia ya mzunguko, ili nichelewe kufika. Kinyozi wa pale kona redio yake iko kwenye kituo chetu siku zote. Mwenye duka la dawa naye vilevile. Kila aliyecheka njiani nilidhani anamcheka mama. Niliombea kitu kimoja tu, kwamba baba awe ameenda kuwapelekea wateja saa zao, asiwe amesikia chochote.

Nikafungua mlango wa nyumbani.

Baba alikuwepo. Amekaa mezani kwake, kile kioo kidogo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anachokonoa saa ya mtu. Mama yuko kochini karibu na redio, ana kalamu na karatasi mapajani. Kwenye karatasi ameandika namba moja na nukta, basi.

Nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nisameheni."

"Marahaba," wakaitikia pamoja, kama siku yoyote.

"Mama, nimekuaibisha. Nilitakiwa kuibadilisha sauti yako, nikasahau. Mji mzima umekusikia."

"Kumbe mnazibadilisha?" mama akashangaa. "Ndiyo maana wale wanawake wote wana mafua."

"Mama, unanielewa lakini? Wamekutambua!"

"Nimekuelewa. Mimi ninachouliza, kwa nini mmekata kabla sijajibiwa?"

Baba akaongea bila kuinua kichwa. "Tumepiga tangu saa tatu na nusu. Laini inaita, inakatika. Inaita, inakatika. Tunaipata, mnatuwekea matangazo."

Nikamgeukia polepole. "Tumepiga?"

"Mama yako hata kuweka spika ya simu hajui. Unadhani nani alipiga?" Akakohoa. Kikohozi kile kile. "Swali ni la watu wawili. Na mimi nilikuwa nasubiri jibu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na kochi.

"Baba, huoni aibu?"

Mama akaweka kalamu chini. "Aibu gani? Sisi tumekusikia wewe ukiguna hapo redioni mara sita kwa siku, tangu mwaka jana."

Nikatoka magotini, nikaketi sakafuni.

"Likianza lile tangazo," baba akasema, "mimi huwa natoka kumwagilia maua."

"Maua yameoza mizizi," mama akaongeza.

"Mama... ulijuaje kama ni mimi?"

"Mimi nilikutambua ukilia chumba cha pili ukiwa na siku tatu. Nishindwe kukutambua kwenye redio?"

Halafu sauti yake ikashuka.

"Tena si sauti tu, mwanangu. Lile guno nalijua. Ni langu mimi. Ndilo nililoguna miaka ishirini nikisema ni sawa, na wala haikuwa sawa. Nikasema, huyu wiki tatu zijazo anaolewa, na hicho ndicho anachokijua. Anakwenda kudanganya kama nilivyodanganya mimi. Jumapili ile nilikuita jikoni nikuambie, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Aliniita, akanitazama, akafuta meza iliyokuwa safi, akaniuliza kama nimekula.

"Mdomo ulikataa. Mara tatu nimejaribu, mara tatu unakataa. Ndipo baba yako akasema, mpigie kazini. Pale hawezi kukimbia, kusikiliza ndiyo kazi yake."

Nililia. Sitaficha, nililia kama mtoto, kichwa kikiwa mapajani kwa mama, juu ya ile karatasi yenye namba moja. Kumbe simu ile ilipigwa kwa ajili yangu; nilikuwa na furaha kiasi kwamba iliuma. Baba akaondoka kwenda kumwagilia maua.

Nilipowasha simu, ilianza kulia papo hapo. Mkurugenzi.

Nikajua kazi imeota mbawa.

"Uko wapi?" akauliza. "Rudi. Simu haziishi hapa. Wote wanauliza jambo moja, mama mwenye duka atajibiwa lini? Na wengine wanasema..." akasita, bila shaka anafuta miwani. "Wanasema wakipiga, wasibadilishwe sauti."

"Narudi, bosi. Ila lile guno langu litoke kwenye tangazo."

"Lakini lina mvuto!"

"Guna mwenyewe."

Alhamisi iliyofuata Mkunga alianza na jibu la mama. Alisema kukauka kwa umri ule ni jambo la kawaida kabisa, si ugonjwa wala si mwisho. Kuna vilainishi maalumu vinauzwa kwenye maduka ya dawa. Kuna dawa za kupaka anazoandika daktari. Mume asiwe na haraka. Na mwanamke anayeumia asivumilie kimya kimya, aende kliniki akaseme. Nilijua kuna karatasi mahali fulani inajazwa namba mbili, tatu na nne.

Halafu laini ya kwanza ikawaka.

"Haloo? Mkwe wangu, uko hapo kwenye mitambo?"

Mama mkwe. Nikashika kichwa.

"Hicho kibarakoa chenu usikiguse, mwanangu. Mama yako amesema na ya kwangu, ila amesahau jambo moja."

Sitawaambia aliuliza nini. Yule bado ni mama mkwe wangu na Jumapili nakula kwake.

Kitufe cha kijani bado kipo, jamani. Si kila mwanamke ana mume kama baba yangu, na kuna nyumba ambazo sauti ikitambuliwa mtu anapigwa. Lakini siku hizi dada wa mapokezi humwuliza kila anayepiga: unataka barakoa, hutaki? Miaka miwili tulikuwa tunawavalisha wote, na hatukuwahi kumwuliza hata mmoja.

Lile tangazo nalo lipo. Mwanamume anaunguruma peke yake, "Rudisha heshima yako nyumbani!" na hakuna anayemjibu.

Dada yangu unayesoma hapa, mimi si Mkunga, ila nina neno moja. Redio, mabango na simu zimejaa wanawake wanaoguna maneno waliyoandikiwa, na hakuna anayewaona hawana heshima. Heshima inaanza kudaiwa ukiuliza swali lako mwenyewe. Wewe uliza. Sema hapa, sema si hapo. Usingoje miaka ishirini.

Mimi nina mwezi wa nane ndani ya ndoa. Juzi mume wangu aliniuliza, huku anatabasamu kwa wasiwasi, "Mbona ile mmmh yako ya kwenye tangazo sijawahi kuisikia humu ndani?"

Nikamwambia, "Na usiombe kuisikia. Ile ilikuwa ya kazi."