Vitambaa Vyekundu vya Nthenya

Nthenya alirudi Kasigau kutoka chuo kikuu na kompyuta, pumu yake ya tangu utotoni, na ubao wa vigae vidogo vya shaba ambao majirani walidhani ni sola. Mnara wa simu uko ng'ambo ya mlima, na kwa mama yake, Katunge, netiweki haikuwa ikifika kabisa. Nthenya aliufunga ubao kwenye jabali linaloonekana kutoka mnarani. Kila kigae alikipangia namna ya kurudisha mawimbi, kisha akakokotoa yatatawanyika vipi na yataangukia wapi.

"Si kama kioo, Mwaitu," alimwambia mama yake. "Chombo hiki kinatupa mawimbi ninakotaka mimi."

"Basi kiambie kitupe jikoni."

Kwa miezi minane hesabu zilimdanganya. Alikuwa akihesabu kila kigae peke yake, kumbe vigae jirani husumbuana. Aliporekebisha, alifunga vitambaa vichakani: vyeupe palipokosa, vyekundu palipokubali. Katunge ndiye aliyeshika simu, akihesabu alama za netiweki.

"Ngapi, Mwaitu?"

"Hakuna."

"Sogea kidogo. Ngapi?"

"Mbili... Woi, nne! Nthenya, ni nne!"

Palipatikana mahali patatu tu, kila pahali padogo kama mkeka. Ukitoka hatua moja, umepoteza.

Alhamisi moja akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi. Mama Janet, kiongozi wao, akatazama vichaka. "Katunge, siku hizi mnazindika shamba? Ama ni dawa ya kufukuza ndovu?"

Wote wakacheka. Katunge naye akacheka, lakini aibu ilimkaa kifuani wiki nzima. Alhamisi iliyofuata, kabla wageni hawajafika, alivifungua vitambaa vyote, akavifua, akavikunja. Nthenya alikuwa mjini Voi. Aliporudi giza lilikuwa limeingia; mama yake alimpakulia chakula bila kutaja vitambaa.

Kesho yake adhuhuri pumu ilimbana Nthenya. Dawa ya kupulizia ilikuwa imeisha.

"Mwaitu... kwa kitambaa," alisema.

Katunge alitoka mbio na simu, aite gari. Vichaka vyote vilifanana. Alizunguka akiinua simu juu, akiliita jina la Yesu. Alama moja ilitokea, ikapotea kabla hajabonyeza. Pikipiki ya jirani ilipopatikana, Nthenya alikuwa ameegemea mlango, kifua kimetulia.

Mchungaji alisema kifo chake ni mpango wa Mungu, na Katunge akaitikia amina. Mwalimu wa Nthenya aliyekuja mazishini alimweleza kwamba betri ya ubao ikiisha, vigae husahau vilivyopangwa. Ilikuwa imeshaisha. Hesabu zimefungiwa ndani ya kompyuta kwa neno la siri ambalo Nthenya hakumwachia mtu.

Hata hivyo, kila asubuhi baada ya sala, Katunge hushika simu na kitambaa kimoja chekundu, akapita vichakani hatua kwa hatua. Mama Janet akipita njiani huinamisha kichwa. Katunge hajamwambia mtu ni nani aliyevifungua. Amemwambia Mungu peke yake.

"Ngapi?" hujiuliza, maana hakuna mwingine wa kumuuliza.

Hakuna.