Ngozi Aliyotangulia Nayo Babu

Nikiwa bado mtoto wa kulala na bibi kwenye ngozi moja, kule karibu na Issuna enzi za Mwingereza, nilifundishwa kwamba kifo kina mlango. Mwenye mji, hata mkewe, hufika kwa waliotangulia amefunikwa ngozi ya ng'ombe wa zizi lao. Asiye nayo hafunguliwi. Hubaki nje, kisha hurudi kugonga kuta za wanawe.

Babu alikuwa msahaulifu. Alisahau majina yetu wajukuu, alisahau fimbo yake pombeni, bibi akamtania kutwa. Lakini dume lake jeusi, alilolitunza kwa safari hiyo, hakulisahau hata siku moja. Vita vilipokuja, tarishi wa mtemi alipita akikusanya ng'ombe wa nyama ya askari. Aliliswaga dume lile pamoja na ng'ombe wetu wote waliobaki. Babu alikaa mlangoni akiangalia vumbi mpaka likatua.

Baadaye akaugua tumbo. Alikonda akabaki mifupa na macho, akawa anaguna mchana kutwa, na roho haitoki. Sote tulitamani afe. Aliyewahi kuuguza anajua.

"Baba, pumzika," baba yangu alimwambia. "Ngozi tutakutafutia."

"Ya ng'ombe wa watu?" babu akajibu. "Nitapiga hodi kwa jina la nani?"

Asubuhi moja bibi aliikunja ngozi tuliyolalia, akamwekea kifuani.

"Huyu ni ng'ombe wako. Ulimchinja siku nilipoletwa hapa."

Babu aliipapasa polepole mpaka akagusa kiraka alichokitambua.

"Na wewe je?"

"Tangulia, mzee. Nikija, utanifungulia."

Jioni akakata roho. Tulimzika zizini, ndani ya ngozi ile. Baba alimletea bibi ngozi nyingine, akaikataa. Tukawa tunalala kwenye udongo mtupu, naye analia kimya ili nisisikie. Nilisikia.

Bibi alifariki nikiwa tayari nina watoto, tukamzika na shuka. Mchungaji alisema mbinguni hapahitajiki ngozi, nikaitikia amina. Sasa mzee ni mimi. Kufa kwenyewe hakunitishi sana. Ninachoogopa ni kufika pale mikono mitupu, nikimtegemea mtu anikumbuke.

Na babu alikuwa msahaulifu. Mpaka leo sijui kama alimfungulia.