Mguu wa Mama, Jina la Jirani

Watu husema ajali haina kinga. Nimeusikia msemo huo matangani, nimeusikia hospitalini, nimeusikia kutoka kwa polisi akiandika huku anatafuna kijiti, na kila mara damu hunichemka. Ajali iliyompata mama yangu ilikuwa na kinga mbili. Zote mbili ziliondolewa na watu wenye akili timamu, mchana kweupe.

Mama aliuza chai na chapati mbele ya geti la kiwanda kimoja cha rangi kule Industrial Area. Tulikaa Mbotela, chumba kimoja, mimi na yeye, maana baba alifariki nikiwa darasa la tano. Kila asubuhi alivuka reli na jiko mkono mmoja, thamosi kubwa mkono wa pili, karai la chapati kichwani, na miguuni akala alizonunua Kariokor, zile sandali za matairi ambazo alisema zitamzika yeye kabla hazijachakaa. Pikapu ya kiwanda ilikuwa na kioo kimoja cha pembeni. Cha upande wa pili kilikuwa kimevunjika tangu msimu wa mvua, wenyewe wakakataa kununua kingine, na mahali pake pakabaki kipande cha chuma kimejitokeza. Hiyo ni kinga ya kwanza. Ya pili ilikuwa msaidizi wa dereva, tanboi, mwanamume wa makamo ambaye gari likitoka kwa rivasi, kinyumenyume, alisimama nyuma na kuligonga bodi kwa kiganja. Akigonga mara mbili, njoo. Akigonga mara moja, simama. Mama na wateja wake walikuwa wamekizoea kile kiganja kiasi kwamba wakikisikia walisogea bila kugeuka, kikombe mkononi, mazungumzo yakiendelea.

Mwaka huo viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Tanboi alipunguzwa Ijumaa. Jumanne, saa nne asubuhi, pikapu ikatoka kwa rivasi bila mtu nyuma, na mama alikuwa ameinama anachochea makaa. Aliniambia baadaye kwamba alisikia injini vizuri kabisa. Hakuondoka kwa sababu alikuwa anangoja kiganja.

Dereva hakukimbia, hilo nalikiri. Yeye na wateja walimpakia mama kwenye pikapu ileile na kumpeleka hospitali ya misheni. Mteja mmoja, kijana wa mkokoteni, alikuja Mbotela mbio kuniita. Alinikuta nafua.

"Mathe amegongwa," akasema. "Lakini usipanik, anapumua."

Mlango wa pili na wetu alikaa mwanamke tuliyetoka naye kijiji kimoja kule magharibi. Mimi nilimwita anti, mama alimwita dada, na tuliimba naye kwaya moja. Alifanya kazi kiwanda cha biskuti, na wiki hiyo alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo nilimkuta amelala. Aliamka, akajifunga leso, akatoa kitu chini ya godoro na kukiingiza kifuani. Nilijua ni nini kabla hata sijakiona.

Ilikuwa kadi yake ya bima ya hospitali. Wenye kazi za kuandikwa walikatwa mshahara kila mwezi na kupewa kadi ya karatasi ngumu isiyo na picha. Sisi wa chai na vibarua hatukuwa nayo. Basi kadi moja ilizunguka vyumba vyote vya ploti yetu kama mchi wa kuazima. Hakuna aliyeona ni wizi. Mwenye nacho alimpa asiye nacho, na akaombewa kanisani. Kwa mujibu wa mafaili ya hospitali, anti alikuwa amejifungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili alikuwa kazini anapanga biskuti. Tulilicheka jambo hilo sana.

Hospitalini mama alikuwa kwenye machela ukutani, midomo imekauka, macho yamefunguka bila kuona mtu. Mguu wa kushoto, kati ya goti na kifundo, ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Karani wa dirishani alisema hatafungua faili bila amana au kadi. Anti akanipa kadi. Alikuwa amemshika mama kichwa kwa mikono miwili na hakutaka kumwachia.

"Jina ya mgonjwa?" karani akauliza.

Ni mimi niliyejibu. Nilitaja majina ya anti, yote matatu, kwa sauti safi, kama mtoto anayejibu mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona nimekomaa. Karani akaandika.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi kuandikisha ajali. Huko walitaka kitambulisho, nikatoa cha mama, na jina lake halisi likaingia kitabuni. Dereva alikubali kosa. Sikuona tatizo lolote. Hospitalini nimesema uongo, polisi nimesema ukweli, na mama ametibiwa. Laiti ningesema uongo pote, au ukweli pote, nisingekuwa naandika haya.

Wiki saba alizolazwa mama sikulala vizuri hata siku moja. Hofu yangu kubwa haikuwa mguu. Ilikuwa wageni. Jumapili kina mama wa kanisa walikuja kwa kikundi, na wanawake wa kwetu hawajui kuomba kwa sauti ndogo wala kuomba bila kumtaja mtu kwa jina. Niliwangoja getini nikiwa nimesimama juani tangu saa saba, nikawaeleza mmoja mmoja: mkifika kitandani, ombeni "mgonjwa wetu."

"Na Mungu atajua ni nani?" mwenyekiti wao akaniuliza.

"Mungu anamjua, mama. Ni nesi ndiye hapaswi kumjua."

Hawakucheka. Waliomba "mgonjwa wetu" kwa bidii, lakini mmoja akateleza katikati ya maombi na kumtaja mama kama alivyotajwa siku zote, mama fulani, kwa jina langu. Nesi alikuwa anapima joto kitanda cha pili. Mama, ambaye sasa alikuwa na akili zake zote, alifumba macho na kusema amina mapema kuliko wengine.

Mguu uliunga vibaya. Daktari alituonyesha kwenye picha ya eksirei, akasema mfupa umepanda juu ya mwenzake, na kwamba bila kuvunjwa upya na kuwekewa chuma, mama atachechemea maisha yake yote na hataweza kubeba mzigo. Kadi ya anti haikulipia upasuaji wa namna ile. Mtu anayeishi kwa kuvuka reli na jiko mkononi aliambiwa asibebe kitu. Tulikuwa na njia moja tu iliyobaki, fidia kutoka kwa bima ya lile gari.

Wakili tulimpata mjini, orofa ya nne, jengo lenye lifti iliyokufa. Mama alipanda ngazi kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, nami nikiwa nyuma nimeshika magongo. Wakili alikuwa mtu mpole, tai imelegea. Alisoma karatasi ya polisi, ile ambayo watu wote huiita abstrakti, akasoma kwamba dereva amekubali kosa, akasema kesi hii ni tamu. Kisha akafungua karatasi za hospitali. Alizisoma mara mbili, akaziweka kando ya abstrakti, akalinganisha kwa kidole.

"Mama," akasema taratibu, "kwa polisi, wewe umegongwa. Kwa hospitali, mtu mwingine amelazwa. Watu wa bima watasema aliyegongwa hakulazwa, na aliyelazwa hakugongwa. Watatucheka."

Hata eksirei, ile picha nyeusi ya mguu wa mama yangu, ilikuwa na jina la anti kwenye kona kwa herufi nyeupe.

Njia ilikuwepo, alisema. Hati ya kiapo. Anayehusika aape mbele ya kamishna wa viapo jinsi jina lilivyobadilishwa, na hospitali irekebishe faili. Nikauliza kama kiwandani kwa anti watajua. Wakili akasema watu wa bima ya gari wataipeleka hati hiyo kila mahali wanapoweza, hiyo ndiyo kazi yao.

Nilimfuata anti kwa siku kumi. Nilimngoja zamu ikitoka, nikatembea naye kando ya Jogoo Road huku harufu ya biskuti ikimtoka nguoni, nikimsihi aape. Alikuwa na watoto wanne na mume asiyeonekana. Kiwanda chao nacho kilikuwa kinatafuta sababu za kupunguza watu. Kila jioni alisema, "Nipe muda, mwanangu," na kila jioni nilimchukia zaidi. Naam, nilimchukia. Mwanamke aliyeamka usingizini kumwokoa mama yangu, nilimwona kama ndiye aliyemgonga.

Siku ya kumi na moja alikuja chumbani kwetu, akakaa kitandani kando ya mama. "Dada, nitaapa," akasema. Mama akamwambia si lazima. Anti akasema amekwisha kuliombea. Siku hiyohiyo nilipata barua ya kuitwa chuo cha ualimu. Niliisoma chooni, peke yangu, kwa sababu niliona aibu kufurahi.

Tulikwenda watatu. Wakili alikuwa ameshapiga chapa hati ya anti, na Biblia ilikuwa mezani, jalada limechakaa kwa mikono ya watu. Alimsomea kifungu kimoja kimoja. Kwamba kadi ni yake. Kwamba aliitoa kwa huruma. Anti aliitikia kwa kichwa. Kwamba yeye mwenyewe alimwandikisha mgonjwa kwa jina lake.

"Hapo sivyo," anti akasema.

Wakili akashusha karatasi.

"Kadi nilitoa. Lakini jina sikutaja mimi. Nilikuwa nimemshika dada kichwa." Hakunitazama. Sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi. "Karani naweza kumdanganya, bwana wakili, nishamdanganya. Biblia siwezi."

Wale ambao hawakulelewa na wanawake kama hawa watamwona mnafiki. Sisi tulimwelewa papo hapo. Kumwambia karani jina lisilo lako ili mtu asife ni jambo moja, na kuweka mkono juu ya Kitabu ni jambo lingine kabisa. Mama aliitikia kwa kichwa, kana kwamba anti amesema jambo la kawaida.

"Sawa," wakili akasema. "Aliyetaja jina ni nani? Huyo ndiye ninayemhitaji kwenye kifungu hiki. Bila yeye hati haisimami."

Barua ya chuo ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeikunja mara nne. Nilisikia makanga wanaita abiria chini barabarani.

"Huyo mtu akiapa," mama akauliza, "atafanywa nini?"

"Huenda asifanywe kitu. Hakimu akimhurumia." Wakili alivua miwani. "Huenda pia akashtakiwa kwa kudanganya. Akipatikana na hatia, jina lake linabaki kwenye faili ya polisi."

"Mtu kama huyo anaweza kuajiriwa na serikali? Tuseme, kufundisha watoto?"

Nilikuwa sijamwambia kuhusu ile barua. Sijui aliijuaje. Labda aliiona nilipofua sketi, labda mama hujua tu.

"Itakuwa vigumu," wakili akajibu.

"Jina nilitaja mimi mwenyewe," mama akasema.

Wakili aligeuza karatasi ya hospitali na kumwonyesha mstari. Ulisema mgonjwa ameletwa akiwa hawezi kuzungumza. Alimwonyesha kwa heshima, bila kumsuta, kisha akaniangalia mimi. Anti naye sasa alikuwa ananiangalia. Ni mama peke yake aliyekuwa anatazama dirishani.

Nimejaribu miaka mingi kuukumbuka muda ule kwa namna itakayonisitiri. Nimejiambia nilikuwa nimefungua mdomo. Nimejiambia mama aliniwahi. Ukweli ni kwamba palikuwa na nafasi ya kutosha kusema "ni mimi" mara tatu, na nilikuwa nakodolea macho kitasa cha kabati la wakili.

"Basi hakuna aliyelitaja," mama akasema. "Tupe karatasi zetu, baba. Asante kwa muda wako."

Tuliteremka zile ngazi orofa zote nne. Anti alitangulia kinyumenyume, mikono ameinyosha kumkinga mama asije akaanguka, na mimi nilibeba ile eksirei yenye jina lisilo la mwenyewe. Hakuna aliyenilaumu siku hiyo, wala siku yoyote nyingine. Anti alifanya kazi kiwandani miaka mingine minne. Mama hakupasuliwa tena.

Siku niliyokwenda chuo mama alisisitiza kunisindikiza. Alikuwa ameacha magongo, anatumia fimbo, na mguu wa kushoto uliburura akala kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa darasani, wanafunzi wakiandika. Nilimsihi abaki nyumbani. Alichukua begi langu dogo, akalitia begani, akasema mzigo gani huo. Tulikwenda hivyo hadi karibu na barabara kubwa, mimi mbele kidogo kwa sababu sikuweza kumtazama akitembea.

Pikapu moja ilikuwa inatoka kwa rivasi kwenye uwanja wa maduka. Mimi sikuiona. Fimbo ya mama ilipita mbele yangu, ikanizuia kifuani, na yeye akabaki amesimama kwa mguu mmoja bila kitu cha kuegemea.

"Ngoja," akasema. "Hii haina mtu nyuma."