Nilimwambia Ni Ndege ya Abiria

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msinitafutie visingizio, maana nimeshajitafutia vyote na vyote vinanuka.

Mimi ni Mkenya, mama wa mtoto mmoja, naishi hapa Birmingham. Jina langu halina faida kwenu. Shule niliishia kidato cha nne, na hicho Kiingereza changu cha kidato cha nne ndicho nilichokitumia kumuumiza mtu aliyenipenda kuliko ndugu zangu.

Mtu huyo ni Mama Neema. Mkongo, wa mashariki, alikuja kama mkimbizi na binti yake mmoja. Tulikutana kanisani, na yeye ndiye aliyenipeleka kwenye karakana ya Tyseley, nyuma ya depo ya treni, akanifundisha kazi. Tulikuwa tunakata kitambaa cheusi chenye gundi ndani yake, tunakipanga tabaka juu ya tabaka, halafu kinaingia kwenye tanuri kubwa kama kontena. Kinatoka kigumu kuliko chuma, chepesi kama sahani ya plastiki. Ukiacha kikunyanzi kimoja au kiputo kimoja cha hewa, kipande kizima kinatupwa. Vya Mama Neema havikutupwa kamwe.

Babake Kelvin wangu msimuulizie. Kabla sijasikia habari za ndege isiyoonekana kwenye rada, nilikuwa nimeshazaa na mwanamume wa aina hiyo. Serikali nzima inamtafuta alipe matunzo na haimwoni!

Basi mimi na Mama Neema tukapanga maisha hivi: yeye zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Asubuhi nampeleka Neema wake shule. Saa nane mchana tunakutana kwenye lango la karakana, namkabidhi Kelvin, naingia kazini. Kelvin alikuwa anamwita Mama. Mimi aliniita kwa jina langu, kama mpangaji mwenzake.

Kitu kimoja mkijue. Helikopta ya polisi ikipita juu ya nyumba zetu kule Lozells, Mama Neema alikuwa anaacha ugali motoni, anabeba watoto wote wawili, anaingia nao chini ya ngazi mpaka sauti iishe. Kwao ndege ilipita juu ya soko watu wakiwa wamejaa. Dada yake alikuwa anauza samaki. Hakunieleza zaidi, na sikumuuliza. Lakini nilijua. Jamani, nilijua!

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Siku moja wakati wa kupokezana zamu tukaitwa wote kwenye kantini. Meneja, Mzungu mmoja tuliyemwita Miwani, alikuwa na keki na picha ukutani. Vita vya Iraki vilikuwa kwenye televisheni kila jioni, na huyu anatabasamu kama bwana harusi. Akasema karakana yetu imepata heshima ya kutengeneza vipande vya majaribio vya ndege mpya ya jeshi la anga. Ndege ya kudondosha mabomu, ingawa neno bomu lenyewe hakulitamka. Rada haiioni. Akatuonesha umbo lake, limelala bapa kama popo aliyekanyagwa na lori. Akatueleza jinsi kingo zinavyokatwa kama meno ya msumeno ili mawimbi ya rada yapotee njia. Mtu mzima, ana digrii, ana watoto, anashangilia kitu ambacho sifa yake kubwa ni kwamba utakufa kabla hujajua kuna jambo! Na sisi tunakula keki.

Lakini mpeni haki yake, maana alinizidi mimi. Alisema yeyote ambaye dhamiri inamkataza ahamie upande wa pili, kwenye vipande vya mabehewa ya treni, na hakuna atakayemuuliza neno. Halafu akanigeukia: "Mweleze rafiki yako."

Upande wa treni ulikuwa na zamu moja tu, ya mchana kutwa. Mama Neema akihamia huko, Kelvin atabaki na nani? Niliwaza hilo tu. Sikuwaza soko, sikuwaza dada yake, sikuwaza Mungu.

"Mama Kelvin, muzungu anasema nini?"

"Anasema tunatengeneza ndege mpya."

"Avio ya kubeba batu?"

"Ya abiria. Nyepesi, haili mafuta mengi."

Mama Neema akapiga makofi. "Mungu aksanti! Siku moja itatupeleka kwetu kusalimia." Miwani akaona yale makofi, akafurahi, akamwongezea keki.

Ningeishia hapo mngesema ni kosa la dakika moja. La hasha! Kuanzia siku ile Mama Neema akawa anaombea vipande. Kila kimoja, kabla hakijaingia kwenye tanuri, anaweka viganja juu yake, anafumba macho, anaomba wasafiri wafike salama, wajawazito wasizalie njiani, rubani asilale. Akichelewa kutoka langoni, namwacha Kelvin kwa mlinzi, naingia namkuta akimalizia. Nasimama pale na koti mkononi, namngoja mwanamke aliyekimbia mabomu amalize kubariki ngozi ya ndege ya mabomu. Halafu nasema amina. Ndiyo, mimi! Nilikuwa nasema amina.

Mwaka ukazunguka. Wakaja na siku ya familia: maputo, soseji, watoto wapakwe rangi usoni. Mama Neema akaja amevaa kitenge chake cha Pasaka, Kelvin mgongoni, Neema amemshika mkono. Alitaka binti yake aone mama anafanya kazi gani.

Katikati ya karakana walikuwa wameweka mfano wa ile ndege, mkubwa kama kitanda, na ubao wenye maelezo. Neema alikuwa na miaka tisa. Watoto wetu mnawajua, Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu Kiingereza, tena kile cha hapa cha puani. Akasoma ubao kwa sauti, kidole juu ya maneno, kama walivyofundishwa. Akafika pale pa mabomu. Akarudia polepole.

Bomu ni bomu, hata kwa Kiingereza. Mama Neema alilisikia.

Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, mkalimani wake. "Mama Kelvin, huyu mutoto anasema nini?"

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi ya pili. Mnajua niliifanyia nini?

"Hajui kusoma vizuri bado," nikasema. "Amechanganya."

Mtoto ninayempeleka shule kila asubuhi! Mtoto niliyemsomea vitabu mwenyewe!

Neema akaniangalia juu hadi chini. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafungua mdomo akasema Kiswahili, neno kwa neno, asije mtu akahitaji mkalimani:

"Mama. Anadanganya."

Mama Neema hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alifungua kitenge, akamteremsha Kelvin, akaniwekea mikononi. Kelvin akaanza kulia anamrudia yeye.

"Kamata mutoto yako," akasema. Halafu akageuza viganja vyake akaviangalia kama vya mtu mwingine. "Miye niliombea ile kitu. Kila siku. Na weye ulikuwa unaniangalia tu."

"Mama Neema, nilikuwa sina wa kumwachia mtoto..."

"Ungeniomba."

Neno moja tu! Na ni kweli. Ningemwomba angepata njia, angebeba Kelvin mpaka huko kwenye mabehewa ya treni. Sikuwahi hata kumwomba.

Hakurudi kazini tena, hakurudi hata kanisani kwetu. Mimi nilikaa wiki chache nikihangaika na walezi wasioeleweka, kisha na mimi nikaacha. Kelvin alisimama dirishani kila siku saa nane akimngoja mama yake, na mama yake sikuwa mimi.

Na ile ndege? Chekeni basi. Wakubwa walibadili mawazo, mradi ukafutwa. Haikuruka hata siku moja. Vipande vyetu vyote, vilivyobarikiwa na visivyobarikiwa, vilitupwa kwenye pipa la taka la karakana. Miwani aliwapa waliobaki vikombe vya chai vyenye picha ya popo wake. Nilimuuza rafiki yangu kwa kitu ambacho hata wenyewe hawakukitaka!

Mwezi uliopita nikamwona Mama Neema kwenye duka la mboga Lozells, ananunua sombe, yale majani ya muhogo. Neema yuko pembeni, amerefuka, anaongea na mwenye duka kwa niaba ya mamake. Nikajikaza, nikaenda. Nikasema kwa Kiswahili, lugha yetu, ile tuliyokuwa tunacheka nayo mpaka machozi: "Mama Neema, nimekukosea. Nisamehe."

Hakunitazama. Alimgeukia binti yake, na kwa sauti ya kawaida kabisa akauliza:

"Neema, huyu mama anasema nini?"

Neema akanitazama, akafikiri. Kisha akachukua mfuko wa sombe kutoka kwenye kaunta.

"Hakuna kitu, mama. Twende."

Ninyi mnaojua Kiingereza na mnawatafsiria wenzenu kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kazini: mtu akikuuliza anasema nini, mwambie anachosema. Kama kinakuharibia mipango, kikuharibie. Mimi nililinda zamu yangu, na leo niko mjini hapa nina lugha mbili na hakuna anayenisikia katika hata moja.