Chungu Chenye Mishipa ya Dhahabu

Maji ya chungu hunukia udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu Gatwekera, Kibera, miaka ya tisini, mpaka jioni ile baba alipogombana na mama, akakipiga teke chungu ambacho mama alikuja nacho kutoka kwao ziwani, kisha akahamia mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kwa mwanamke mwingine. Mama aliokota vigae, akavifunga kwa leso kuukuu, akavisukuma chini ya kitanda. Tangu hapo tukanywa maji ya mtungi wa plastiki, yakinuka mafuta ya kupikia.

Mvua za masika zilipoanza, baba alisimama mlangoni. Hakuomba kuingia; aliomba vigae. Alikuwa akitunza bustani ya mama mmoja Mjapani, naye alimfundisha jinsi kwao wanavyounga vyombo vilivyovunjika. Niwaeleze taratibu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa: vipande huunganishwa kwa utomvu wa mti fulani, kisha juu ya ufa hupakwa unga wa dhahabu, ili ufa uonekane badala ya kufichwa. Utomvu huo hauhitaji jua. Hukauka polepole penye joto na unyevu, na unyevu ulijaa tele katika nyumba yetu ya udongo na mabati.

Mama alimruhusu afanye kazi mlangoni tu, mahali alipoweza kuiona mikono yake. Mikono yenyewe ikavimba na kutoka vipele. Leo najua utomvu mbichi huwasha ngozi. Wakati ule hatukujua, na jirani yetu Mama Nafula alikuwa na maelezo yake.

"Mama Akinyi, fungua macho! Dawa gani hiyo ya mapenzi inamla mwenyewe? Ukinywa hayo maji, utaanza kumpikia hata yule wa Kongo!"

Mama akamgeukia baba. "Na hii dhahabu umeiba wapi?"

"Nimepewa na yule Mjapani wa kazini."

"Hata huyo wa Kongo uliniambia ni binamu yako."

Baba aliinama, akaendelea kupaka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama alikuwa ameumwa hasa.

Chungu kilipokuwa tayari, mama alikijaza maji. Kwao, mwenye pombe hunywa kwanza ili wageni wajue haina sumu. Basi akachota kikombe, akampa baba. "Onja." Baba akanywa chote. Mama alimtazama usoni mpaka alipoondoka, na sisi hatukugusa hata tone hadi kesho yake. Hata baba aliporudi kuishi nasi, sharti lilibaki: kila jioni, kabla ya mtu yeyote, yeye kwanza. Hakuwahi kukataa, wala kucheka.

Siku hizi kwangu maji hutoka bombani, na nikikosana na mtu tunaombana radhi kwa simu, tukasema yamekwisha. Majuzi niliwatembelea wazee. Chungu kingali pembeni, mishipa yake ya dhahabu imefifia. Mama alichota, akampa baba kikombe.

"Mama, bado unamshuku?"

"Aka! Huyu namwamini," akajibu, lakini macho yake hayakutoka kooni mwa baba mpaka alipomeza. Ndipo akanichotea mimi.