Debe la Sauti za Mzee Jilala

Mume wangu Boaz hajui kutupa kitu. Nimeishi naye miaka kumi na sita na chini ya kitanda chetu kuna chaja za simu ambazo hata viwanda vilivyozitengeneza vimeshafungwa. Ukimgusia, anakujibu kwamba akiba haiozi. Mimi nilikuwa nacheka.

Alizaliwa Songwa, mtoto wa tatu wa mzee Jilala. Ujanani alikwenda Katoro kutafuta dhahabu kama wenzake wote, akaponda mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, miaka miwili, akatoka na kikohozi na kamera. Kikohozi kilipona. Kamera ndiyo iliyomleta kwetu Shinyanga kurekodi harusi ya dada yangu, na wakati wenzake wanakula pilau yeye alikuwa akikunja nyaya zake moja moja na kuzifunga kwa vipande vya mpira. Nikajisemea kwamba mwanamume anayetunza waya namna hii hatanitelekeza. Hapo sikukosea.

Tulifungua kibanda karibu na soko. Kazi ilikuwa harusi, ubarikio na misiba, na mara kwa mara safari ya Katoro, kwa sababu mtu aliyepata dhahabu haoi kimyakimya. Halafu mwaka juzi diski ya kibandani ikafa. Mwalimu Dorah alikuja kuchukua video ya harusi yake, tukamwambia haipo. Hakututukana. Alikaa kwenye benchi kama saa nzima, kisha akauliza kama haijabaki hata picha moja. Boaz hakula siku ile wala iliyofuata, na si kwa sababu ya mwalimu peke yake. Wakati huo baba yake alikuwa mgonjwa, na kila Alhamisi Boaz alikuwa akienda Songwa kumrekodi.

Mzee alizungumza mpaka pumzi zikamwishia. Zilikuwa rekodi arobaini na mbili. Alianza na majina ya babu zake, akaja kwenye nyimbo za kulima, ng'ombe waliokufa mwaka gani, nani alioa wapi, akiyapanga maisha yake kwa mwaka kama mtu anayepanda ngazi. Alifariki mvua za masika zilipoanza. Mkwe wangu, mama Limi, Limi likiwa jina lake mwenyewe wala si la mtoto, akahamia kwetu na mkeka, kuku wawili na debe lake la mbegu.

Debe lenyewe lilikuwa la mafuta ya kula, la zamani, bati nene, mdomo umekatwa na fundi bati akalitengenezea mfuniko wa kubana. Mama Limi alikuwa amehifadhi humo mbegu za mtama tangu Boaz hajazaliwa. Mjini hatukuwa na shamba, kwa hiyo lilikaa tupu pembeni ya sebule, na Boaz akaanza kulizungukazunguka.

Akaliomba. Alitaka kujenga seva ya nyumbani, ndivyo alivyoiita: kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, ambayo kazi yake ni kutunza tu, na simu yoyote ya mle ndani inaiomba kitu inapewa. Kasha la dukani hakuliweza, na debe lilikuwa imara. Alinunua kompyuta chakavu ya ofisi fulani, akaitoa matumbo. Alitoboa debe matundu chini na kwenye mfuniko, akafunga feni ndogo ya kuvuta hewa. Diski mbili alizikalisha juu ya vipande vya ndala zangu kuukuu, ili treni ikipita zisitikisike. Wanaume wengine wakifika umri ule huleta mke wa pili, wangu akaleta debe. Alilifuta vumbi kila asubuhi kabla hajaniamkia mimi.

Mama Limi alitaka kujua kilichomo.

"Humu ndimo ilimo sauti ya baba, mayu," Boaz alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Haitapotea tena."

"Yote humu humu?"

"Yote."

"Mbegu za mwaka haziwekwi nyumba moja," mama alisema. "Sisi nyingine tulipeleka kwa shangazi yako."

Boaz akatabasamu, akamweleza kwamba diski ziko mbili, kila kitu kinaandikwa mara mbili. Aliamini hivyo kabisa. Wiki ileile alizifuta kadi za kumbukumbu zilizokuwa na rekodi za mzee, akazirudisha kazini.

Kila Jumapili baada ya kanisa mama Limi alikalishwa kwenye kochi na kuwekewa rekodi moja. Moja tu, kwa amri yake mwenyewe, maana alisema chakula cha njaa hakiliwi siku moja. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo aliinamisha kichwa akaelekeza sikio. Ikiisha alisema neno lilelile.

"Hajanitaja bado."

"Zimebaki nyingi, mayu," Boaz alimjibu, akanyanyuka kwenda kibandani.

Sikuelewa kwa nini jambo hilo lilimsumbua mama kiasi kile, mpaka siku moja tukichambua mchicha aliponiambia. Mzee Jilala aliishi naye miaka hamsini na mmoja na hakuwahi kumwita Limi. Alimwita Mama Mageni, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na baadaye hakumwita chochote, alikohoa tu naye akajua ni yeye. Alitaka kusikia, mara moja, mume wake alimwona kuwa nani. Niliumia. Nikamwambia atatajwa, hana budi kutajwa, mtu atasimuliaje maisha yake amruke mke.

Tulifika rekodi ya kumi na tisa. Boaz akaitwa Katoro, harusi ya siku tatu.

Alipokuwa huko, mama Limi alipapasa juu ya debe kutafuta kitambaa chake, akagusa mdudu. Akamshika, akamsogeza karibu na jicho. Fukusi. Akapapasa tena, akapata wengine wawili wakitoka kwenye mkunjo wa bati, mahali ambapo labda punje za zamani zilikuwa zimenasa. Msukuma aliyelelewa na mtama hamuulizi mtu afanye nini hapo. Alikwenda jikoni kwangu, akachekecha majivu mpaka yakawa laini kama unga, akafungua mfuniko, akamimina vikombe viwili, akatikisa debe kidogo yaenee, akafunga.

Mimi nilirudi kutoka sokoni nikakuta majivu sakafuni. Nikafagia. Nilidhani ameyadondosha akitoa jiko. Sikuuliza, na sijui ni mara ngapi tangu siku ile nimejiuliza kwa nini sikuuliza.

Feni iliyapuliza majivu humo ndani siku nne, na mvua zilikuwa zinanyesha, hewa yote majimaji. Boaz amesharudi, tuko mezani, tukasikia harufu ya waya ulioungua. Alipofungua mfuniko, kila kitu kilikuwa cheupe. Alichovya kidole, akakitazama. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa anakula ugali wake taratibu akiuliza nini kinanuka.

"Waya wa jirani, mayu," alisema.

Jikoni akanishika mkono. "Usimwambie, Mama Esta. Akijua ni yeye, atakufa."

Diski zilikwenda Mwanza, zikaenda Dar es Salaam, zikarudi. Umeme ulipita kwenye zote mbili kwa mkupuo, na sahani za ndani zilikuwa zimeharibiwa na joto la siku nne. Mafundi wote walisema neno moja: hakuna kinachotoka.

Jumapili ya kwanza Boaz alimwambia mama umeme ni mdogo. Ya pili, kifaa kimepelekwa kwa fundi. Ya tatu, fundi anasubiri spea. Nilikasirika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia hivyo usoni, naye akaniomba kwa machozi nimwache. Nikamwacha. Baada ya mwezi wa pili mama Limi hakuuliza tena. Nilifikiri amesahau, na nikashukuru Mungu kwa uzee. Lakini chakula kikaanza kumshinda, akikoroga mboga na kuisukuma pembeni, na usiku nilimsikia akijigeuza.

Siku moja, jua la saa tisa, nilimkuta uani amepiga magoti kwenye matope. Alikuwa amemtuma mtoto wa jirani kumletea pombe ya mtama, naye anaimwaga chini kidogo kidogo akizungumza Kisukuma. Nilisikia jina la Jilala. Nilisikia akiomba radhi.

Nikamwinua. "Radhi ya nini, mama?"

"Amenikasirikia," alisema. "Alikuwa anakaribia mwaka ule."

"Mwaka upi?"

"Nilioondoka. Nilirudi kwa baba yangu msimu mzima wa kulima, nikamwachia watoto. Hatukuuzungumza tena maisha yetu yote. Rekodi ya kumi na tisa aliishia kwenye mwaka uliotangulia huo. Ameona afadhali anyamaze kuliko kunitaja."

Miezi mitatu alikuwa amelala na hilo. Na sisi mle ndani tukijisifu kwamba tunamkinga. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni, nikasahau niliyoahidi.

"Mama, baba hajanyamaza kwa hasira. Ni majivu. Uliyatia majivu kwenye debe, yakaunguza mashine. Boaz hakutaka ujue."

Alikaa chini palepale. Akawa anafuta matope mikononi kwa kanga, nami nikaanza kuogopa.

"Fukusi walikuwamo," alisema mwishowe. "Niliwashika kwa mkono wangu."

"Najua, mama. Ungejuaje?"

"Kwa hiyo hakunikasirikia."

"Hakukukasirikia."

Jioni ile alikula ugali akaomba na kipande cha pili. Nikajiona nimeshinda.

Boaz aliporudi, mama alimwita aketi karibu. Nilimweleza mume wangu kwa sentensi moja kwamba mama anajua, na akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Lakini mama hakumgombeza. Alitafuta mkono wake, akaushika.

"Mashine imekufa, basi," alisema. "Wewe hujafa. Ulikuwa umekaa naye Alhamisi zote. Niambie alisemaje juu ya mwaka ule."

Boaz alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, macho yakienda huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Alikutaja, mayu," alisema.

"Alisemaje?"

Mama akasubiri, kichwa kimeinama, sikio limeelekezwa kwake, kama alivyokaa Jumapili zote zile.

"Nilikuwa nimevaa spika za masikioni," Boaz alisema. "Nilikuwa natazama mshale wa sauti, usipande sana. Nikajua nitasikiliza baadaye."

"Hata kidogo hukumbuki?"

"Hata kidogo."

Mama Limi aliendelea kuushika mkono wake. Baada ya muda alimuuliza kama amekula, Boaz akasema bado, nami nikaenda kumpakulia.