Njia Iliyofagiwa

Baiskeli ile sikuinunua. Aliiacha Mzungu mmoja wa mambo ya kilimo aliyekaa hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kabla ya vita vya pili vya kwetu. Mambo yalipochacha aliondoka na begi moja, akaniambia niitunze mpaka arudi. Nimeitunza, hajarudi. Ilikuwa baiskeli ya milimani yenye gia, kinga ya vitesi kama walivyoiita watu wa Baraka, ambao kila baiskeli kwao ni kinga, yenye mipira minene ya meno meno na fremu iliyotengenezwa kwa mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu. Nilipoipanda mara ya kwanza, kitenge nimekifunga juu ya suruali ya marehemu mume wangu, bamama wa sokoni walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nikawaambia wacheke vizuri, maana uchungu ukiwashika watataka nifike haraka.

Mimi ni mkunga. Siku za kazi nilipita nayo barabara tambarare ya kando ya ziwa, kutoka nyumbani hadi maternite, nyumba ya kuzalishia, ya kijiji cha jirani, nikikwepa mashimo na mbuzi. Jumapili niliipandisha mlimani, njia ya miguu inayoelekea upande wa Fizi, kwa sababu mama yangu alikuwa huko. Barabara ya ziwani ilinipa mshahara, pale ulipokuwepo. Njia ya mlimani ilinipa hofu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Mama alikataa kukaa Baraka. Wanajeshi walipouteka mji alisema ziwa liko mbele na bunduki ziko nyuma, na yeye si samaki. Akapanda na mke wa kaka yangu pamoja na watoto wake hadi shamba la mihogo la ukoo wetu, mbali na kijiji chochote, wakajenga kibanda cha majani pembeni ya korongo. Wengi waliishi hivyo miaka ile. Milima ilikuwa ya Mai-Mai, wapiganaji wa kwetu, mji ulikuwa wa wanajeshi wale, na aliyepita katikati alikuwa jasusi kwa pande zote mbili. Mwanamke juu ya baiskeli ya Mzungu, sijui walimwitaje.

Lakini Mama alikuwa na presha. Bila vidonge kichwa kilimuuma mpaka akaona giza, na vidonge vilikuwa kwangu. Kwenda kwa miguu kungenilaza huko juu, na asiyelala mjini alihojiwa asubuhi. Kwa baiskeli niliweza kutoka baada ya misa ya kwanza, nikasukuma pale penye mwinuko mkali, nikapanda pale panapopandika, nikamwona, nikampa vidonge, chumvi, sabuni na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kisha nikateremka na kuingia mjini kabla bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, haijafungwa. Kushuka ndiko nilikokuogopa zaidi. Breki zilipiga kelele, mizizi ilinirusha, na kila kichaka kilikuwa kama kina mtu. Nilisali kwa sauti, sala ileile, mpaka maneno yakapoteza maana. Na nisiseme uongo, karibu na kijito kulikuwa na mteremko mzuri ambapo niliachia breki na kufurahi kama mtoto, halafu nikajikasirikia.

Watu hushangaa kwa nini wanajeshi hawakuninyang'anya. Baiskeli zote nzuri zilikwenda siku za mwanzo. Yangu ilibaki kwa kuwa mwanamke wa mkubwa wao alijifungua mikononi mwangu, mtoto akiwa ametanguliza matako, na wote wawili wakapona. Tangu hapo pale bariyerini waliniita Mama Muganga na kunipisha. Sikuitegemea heshima ile. Inaweza kuisha kabla hujamaliza kusalimia.

Iliisha Jumapili moja wakati wa mvua. Nilikuwa narudi, matope mpaka magotini, nikasimama kama kawaida. Askari niliyemzoea hakunijibu salamu. Alichuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, akapitisha kidole kwenye meno ya mpira, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni. Kisha akaniangalia.

"Mama Muganga, hii alama tuliiona kule juu. Inapita fasi hakuna muji. Unaendaka kuzalisha nani kule, banyani?"

Wenzake walimcheka mkunga wa nyani. Mimi pia nilicheka, na nikasikia mkojo unanitoka kidogo. Nilijibu kwamba wanawake wa mashambani hujifungua popote, na mkunga huenda anakoitwa. Akasema iko sawa, siku moja watanisindikiza. Alisema kwa upole kabisa. Nilisukuma baiskeli hadi nyumbani, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni. Hakukuwa na mipira mingine kama ile katika Fizi nzima. Kila Jumapili nilikuwa nikichora mstari mpaka mlangoni kwa mama yangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena. Ukiniuliza kwa nini, nitakujibu kwamba vidonge vyake vilikuwa vinakwisha. Nilipita nyuma ya mashamba ya mpunga, na pale nilipoacha njia kubwa kuelekea kibandani niliibeba baiskeli begani mpaka shingo ikavimba. Mama aliniona nahema, akauliza kuna nini. Nikamweleza yote. Alikwenda kuutazama mpira, akaugusa palepale alipougusa askari, akauliza kama alama za zamani bado zinaonekana. Nikamwambia udongo mwekundu ule ukipigwa na jua baada ya mvua haupotezi kitu. Alinipa mihogo ya kubeba, akanihimiza nishuke mapema.

Mara iliyofuata nilipofika kwenye njia ndogo ya kuelekea kibandani nilisimama. Njia ilikuwa imefagiwa.

Asiyewajua bamama wa kwetu hataelewa. Uwanja hufagiwa asubuhi kabla ya moto kuwashwa, mtu ameinama, mkono mmoja mgongoni, mistari ya ufagio ikifuatana bila kuvukana. Mwenye uwanja mchafu hasemwi, anatazamwa tu. Hivyo ndivyo Mama alivyokuwa ameifagia njia nzima, kutoka kibandani, kupitia vichakani, mpaka chini, ili kufuta alama zangu. Na alizifuta kweli, halikubaki hata jino moja la mpira. Pori lote lilikuwa limejaa majani makavu na matawi yaliyoanguka, na katikati yake palikuwa na njia safi yenye mistari mizuri, inayomwambia kila apitaye kwamba hapa wanakaa watu. Kicheko kilinipanda, nikimwona akilini ameinama, anayanung'unikia majani. Halafu juu ya mistari ile nikaona nyayo za buti.

Zilikuwa zinapanda. Nilitafuta zinazoshuka, sikuziona.

Sikujua la kufanya. Kushuka ilikuwa kumwacha, kupanda ilikuwa kuwakuta. Mwishowe nilipanda, nikitembea pembeni ya njia. Kibanda kilikuwa kimeangushwa upande mmoja. Sufuria hakuna, mbuzi hakuna. Damu niliitafuta, sikuiona. Nyayo ziliendelea mbele, kuelekea bonde la pili. Kuita jina porini hatukuthubutu, maana hujui nani ataitika. Basi niliigeuza baiskeli kichwa chini, nikalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Mlio wake mwembamba ndio ambao Mama aliusikia kila Jumapili kabla hajaniona. Nikazungusha, nikangoja, nikazungusha tena. Nilikuwa na hakika nimechelewa.

Walitoka korongoni, Mama mbele, wifi yangu na watoto nyuma, matope mpaka kwenye nywele. Walikuwa wamesikia buti wakateremka, na wifi alikuwa amemziba mdomo mtoto wake mdogo mpaka akadhani amemuua. Mama hakunikumbatia. Aliitazama njia yake kwa muda mrefu, mistari na buti juu yake, na nikaona ameelewa mwenyewe. Nilishukuru, kwa maana mimi nisingeweza kumwambia.

"Nilifagia ili basione njia yako," akasema.

Nikamjibu najua. Nikamwomba tushuke wote Baraka, nitawaficha maternite. Akasema wakishuka nami, pale bariyerini watajua nilikuwa nikizalisha nani. Alipokea vidonge, akavifunga kwenye pindo la kitenge chake, kisha akanishika uso kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mtoto.

"Mutoto wangu, kama unanipenda, usikuye tena huku. Nikikufa na ugonjwa, haina neno. Lakini nikufe sababu ya kinga yako, apana."

Nilitii. Wakahamia bonde lingine ambalo hakutaka nilijue. Vidonge niliwapa wanawake walioteremka kuuza mihogo. Vingine vilifika, vingine sijui. Mimi niliendelea na barabara ya ziwani, kazini na kurudi, na yule askari aliponiuliza banyani wanaendeleaje, nilimwambia wamehama. Kila nilipopita penye njia ya kupanda mlimani nilitazama upande wa ziwa.

Presha ilimwangusha kabla mihogo mipya haijakomaa. Alilala siku kadhaa, upande mmoja wa mwili umekufa, kisha akafariki. Wifi ndiye aliyenieleza, vita vilipopoa nao wakashuka. Alisema Mama alikuwa akisikia kitu vichakani, ndege, au mtoto anayechezea kijiti, anauliza kama ni kinga. Wakimwambia apana, si kinga, alikuwa anajibu "iko muzuri", anafumba macho.